Padre Horner na Watoto Aliowanunua

Mwaka jana nikiwa fildi Miono nilishindwa kujibu swali la mwanafunzi wa kidato cha pili. Sikushindwa kidogo. Nilishindwa kabisa, mbele ya darasa zima, na chaki mkononi.

Topiki ilikuwa ile ya mawakala wa ukoloni. Kila aliyepita sekondari anaijua: unaandika ubaoni wapelelezi, wafanyabiashara, wamisionari, wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, mambo yamekwisha. Mimi nikajifanya mwalimu wa kisasa, nikataka kuwaonyesha kwamba hao wamisionari si watu wa kwenye kitabu tu. Nikawatajia Bagamoyo, hapo tu ukishuka na lami ya Msata. Nikawaeleza kwamba mapadri wa kule walikuwa wanakomboa watoto waliouzwa utumwani. Darasa likaamka. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akaomba aulize kwa Kiswahili maana Kiingereza kilikuwa kinamkaba, nami nikamruhusu (wakufunzi wangu wa mbinu za kufundishia mnisamehe). Akauliza hivi: kama padre alitoa hela akachukua mtoto, yeye naye si alikuwa mnunuzi wa watumwa? Na mtoto mwenyewe, kesho yake asubuhi alikuwa mali ya nani?

Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza wakinitazama. Nikasema tutalijibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaingia na topiki mpya.

Ndugu msomaji, mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa uchangani, nimekaa Utoto Mtakatifu, nimeimba kwaya, na hapa chuoni niko TMCS. Nimekwenda hija Bagamoyo zaidi ya mara moja, nikapiga picha mbele ya ule mnara wa kanisa la zamani kama watu wote. Lakini jina la mtu aliyeianzisha misheni ile nilikuwa nalijua kama unavyolijua jina la mtaa. Padre Antoine Horner. Basi. Alizaliwa wapi, alitaka nini, aliwafanyia nini wale watoto baada ya kuwalipia, sikuwa na habari. Kwa hiyo jioni za fildi, badala ya kuandika maandalio ya somo mapema, nikaanza kumsoma Horner.

Alizaliwa mwaka 1827 Alsace, upande wa mashariki wa Ufaransa, eneo ambalo watu wake wanasema lugha ya jamii ya Kijerumani ingawa bendera ilikuwa ya Kifaransa. Mapadri na mabruda wengi wa mwanzo wa Bagamoyo walitoka huko huko. Hata Francis Libermann, yule Myahudi aliyeongoka akawa kiongozi wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa mtu wa Alsace. Horner akaingia shirika hilo, akapewa upadre, akatumwa kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska.

Hapa Réunion tusipite haraka, maana ndipo mambo ya Bagamoyo yalipoanzia. Kilikuwa kisiwa cha mashamba ya miwa, na miwa ililimwa na watumwa, wengi wao wametolewa pwani hii yetu na Msumbiji. Mwaka 1848 Ufaransa ikafuta utumwa katika makoloni yake. Maelfu ya watu wakaamka siku moja wakiwa huru, bila shamba, bila nyumba, bila chochote mkononi isipokuwa huo uhuru. Mwaka 1849 likaanzishwa kule shirika la masista, Mabinti wa Maria, ambalo lilipokea wanawake wazungu na wanawake weusi waliotoka utumwani, wote chini ya paa moja. Kwa zama zile hilo halikuwa jambo dogo. Horner akafanya kazi katika kisiwa hicho, kati ya watu ambao jana walikuwa watumwa. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kuuogopa uhuru wa ghafla. Hayo ni mawazo yangu mimi, lakini ukiona alichokuja kufanya baadaye utanielewa.

Unguja kulikuwa kumeshatangulia watu. Desemba 1860 alifika Padre Armand Fava kutoka Réunion na mapadri wenzake pamoja na hao masista, wakafungua hospitali ndogo na karakana. Kazi ikaonekana kubwa kuliko watu wake, ikakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu. Katikati ya mwaka 1863 Horner akashuka Unguja, yeye na Padre Étienne Baur, Mualsace mwenzake, pamoja na mabruda. Sultani alikuwa Seyyid Majid. Mji ulikuwa wa Kiislamu, na mapadri walijua kwamba ruhusa yao inategemea kutogusa dini ya wenye mji. Hawakwenda kumhubiria Mwarabu wala Mswahili. Wakatibu wagonjwa, wakafua vyuma, wakatengeneza vyombo vya meli zilizotia nanga, na wakaanza kukusanya watoto.

Watoto wenyewe walipatikana kwa njia kadhaa. Wengine walinunuliwa kwa fedha. Wengine walikuwa wagonjwa kiasi kwamba hakuna mteja aliyewataka, wakaachwa. Wengine, hasa baadaye, waliletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa baharini. Fedha zilitoka Ulaya, na hapa nikashtuka kidogo: sehemu kubwa ilitoka kwa shirika la Utoto Mtakatifu. Ndiyo, Utoto Mtakatifu huu huu tuliovalishwa skafu na kupangwa mistari siku ya Noeli ya watoto. Lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na wazo lake lilikuwa kwamba watoto wa Ulaya watoe senti yao ndogo kila mwezi kusaidia watoto wa nchi za mbali. Miaka yote niliyokaa Utoto Mtakatifu nilijua ni kuimba na kucheza mbele ya altare. Sikujua kwamba senti zile zilifika soko la Unguja.

Kwa kuwa fedha zilitoka kwa wafadhili, ilibidi waandikiwe. Horner aliandika sana. Barua zake zilichapishwa katika majarida ya kimisionari, na mwaka 1872 safari yake ya pwani ya mwaka 1866 ikatoka kama kitabu. Ukisoma habari za namna hii inabidi ukumbuke zinaandikiwa nani. Mtu anayeomba mchango haandiki kwamba wiki hii vijana wawili wametoroka na mmoja amenikasirikia. Anaandika juu ya mtoto aliyekufa akitabasamu baada ya ubatizo. Sisemi alidanganya. Nasema sisi wenyewe tunaoandika maombi ya ufadhili wa semina za chuo tunajua lugha ile.

Lakini Unguja hakupapenda kwa malezi. Mji una bandari, una ulevi wa mabaharia, una watumwa kila kona. Alitaka sehemu ya bara, mbali kidogo, yenye ardhi ya kulima, ambapo mtoto atakua akiona anachotaka padre aone. Ndiyo maana ya ile safari ya 1866. Alipita pwani, akaitazama Bagamoyo, akaichagua. Ukifikiri vizuri ni uchaguzi wa ajabu. Bagamoyo ndio ulikuwa mlango wa misafara yote ya kati: pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora, wapagazi wa Kinyamwezi kwa maelfu, na mateka wanaoshushwa kuvushwa Unguja. Kama unatafuta utulivu, hapo sipo. Ila kama unataka kukaa njiani mahali mateka wanapopita, na vilevile uwe na njia ya kuingia bara baadaye, hapo ndipo.

Tarehe 4 Machi 1868 misheni ikaanza. Padre Baur ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kila siku pale, na yeye alibaki huku mpaka alipofariki mwaka 1913, kwa hiyo wapo wanaosema Bagamoyo ni ya Baur zaidi kuliko ya Horner. Sibishi. Ila mpango ulikuwa wa Horner.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wavulana kwa mapadri na mabruda, wasichana kwa masista. Kengele asubuhi, sala, misa, shamba, darasa, karakana, sala, kulala. Kufyeka pori, kupanda minazi, miembe, mboga, baadaye na vanila. Mtoto alijifunza useremala, uashi, uhunzi au kilimo, akajifunza katekisimu na kusoma. Wachache walioonekana wepesi darasani walifundishwa zaidi, hata Kilatini, kwa matumaini kwamba siku moja watakuwa mapadri au mabruda. Wakishakua, kijana anaoa binti aliyelelewa kwa masista, wanapewa nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Kikristo kilichoitwa kwa jina la Mtakatifu Yosefu. Sehemu ya siku zao wanafanya kazi ya misheni, sehemu wanalima chao. Na kengele inawafuata mpaka kijijini.

Sisi wa elimu tungeita huo mtaala kamili: mkono, kichwa na roho. Naomba niseme wazi kwamba upande mmoja unanivutia. Shule zetu leo zinamaliza mtu na cheti huku hajui kushika randa. Watoto wa Horner walijenga. Ule mnara mnaopigia picha, kuta zile nene, zile njia za miembe, kuna mikono ya vijana wa kumi na mitano na ishirini mle ndani.

Upande wa pili unafanana na kitu kingine. Katika Ufaransa ya wakati ule yalikuwepo mashamba ya kurekebishia watoto wa mitaani na wakosaji wadogo: kengele, jembe, sala, ukimya. Horner alikuja na hewa ile ile. Alipendelea kukomboa watoto kuliko watu wazima, kwa sababu mtoto hufinyangwa na mtu mzima ameshakauka. Kwake yeye utumwa ulikuwa umemharibu mtu ndani, kwa hiyo kumfungua kamba peke yake hakutoshi. Lazima alelewe upya. Na malezi mapya yana kuta, yana ratiba, na yana adhabu kwa anayevunja ratiba.

Hapo ndipo swali la yule kijana wa Miono linapogonga. Mtoto hakuuzwa tena, hilo ni kweli. Hakupigwa mnada, hakupakiwa jahazini kwenda Uarabuni. Lakini je, alikuwa na ruhusa ya kuondoka?

Wengine walijipa ruhusa wenyewe. Walitoroka. Habari za misheni ile zinaonyesha kwamba wapo walioondoka wakiwa vijana, wapo walioondoka wakiwa wameshaoa, na wapo waliobaki lakini wakalalamikia siku za kazi na malipo. Mapadri walisikitika, wakaona ni ukosefu wa shukrani. Mimi nikisoma hapo nilifurahi, na nilijishangaa kufurahi. Kwa sababu mtu anayelalamikia mshahara ameshajiona ni mtu wa kulipwa. Mtumwa hadai posho. Kwa hiyo labda malezi ya Horner yalifaulu pale pale alipodhani yamefeli.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa migumu kupita kiasi. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kikaingia Unguja na kushuka mwambao mpaka 1870, watu wakazikwa kwa mafungu. Mwaka 1870 huo huo Ufaransa ikaingia vitani na Prussia, ikashindwa, michango ikakauka. Kwa Horner ilikuwa zaidi ya michango, kwani mwaka 1871 Alsace yake ikachukuliwa na Ujerumani. Aliondoka nyumbani akiwa mtu wa Ufaransa, na nyumbani kwenyewe kukahamia nchi nyingine yeye akiwa Bagamoyo. Halafu tarehe 15 Aprili 1872 kikaja kimbunga. Wazee wa Unguja walikikumbuka muda mrefu kwa jinsi kilivyolaza mikarafuu. Bagamoyo kilipiga misheni ikalala chini, miaka minne ya kazi ikawa kuni. Wakaanza upya. Mnara ule wa kanisa la kwanza ni wa baada ya hapo.

Mwaka 1873 Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere Unguja kumbana Sultani Barghash, aliyekuwa amemrithi Majid, aache biashara ya watumwa. Frere alipita Bagamoyo akaiona misheni, akaisifu sana, na yeye ni Mwanglikana na wale ni Wakatoliki wa Kifaransa. Akashauri watumwa waliokamatwa baharini wakabidhiwe misheni kama ile. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko la Unguja likafungwa. Tuelewane hapa: aliyefunga soko ni shinikizo la dola lenye manowari, si senti za Utoto Mtakatifu. Kulikuwepo hata wakati ule hoja kwamba kumnunua mtumwa ili umwachie huru ni kumpa muuzaji fedha ya kwenda kukamata mwingine. Hoja hiyo ina uzito, na sioni namna ya kuikwepa. Upande wa pili ni mtoto mmoja aliyekaa juani mbele yako, ana homa, na unazo fedha mfukoni. Uchumi wa kitabu unakwambia usinunue. Mimi sijui kama ningeweza kupita.

Februari 1874 ndipo mwili wa David Livingstone ulipofika pale, umebebwa kutoka mbali na Chuma na Susi na wenzao, ukalazwa misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara ukapata jina la Livingstone kwa usiku mmoja tu. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya Livingstone aliyepita akiwa amekufa, na wanaondoka bila kuuliza ni nani walikuwa wanaishi pale.

Kuna na ule mbuyu. Aliyekwenda hija anaujua: una mnyororo umemezwa na shina, kipande kidogo tu kinachungulia. Mara yangu ya kwanza niliushika nikatokwa machozi nikiamini ni mnyororo wa mtumwa. Baadaye mwenyeji wetu akatusimulia kwamba ni wa punda. Mama mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuja kuhudumia zahanati miaka ya 1890, alikuwa akimfunga punda wake pale, mnyororo ukasahaulika, mti ukakua. Wenzangu walikata tamaa kabisa. Mimi sasa naona ilikuwa somo zuri la Historia kuliko mengi niliyopewa darasani, maana tulikuwa tumeshalia kabla ya kuuliza.

Turudi kwa Horner. Hakuwahi kuiona Bagamoyo kama mwisho. Alikuwa akitazama bara. Mwaka 1870 alisafiri mpaka Ukami, akaenda pia milima ya Nguru, na mwaka 1877 misheni ya Mhonda ikafunguliwa huko. Namna ya kufungua ndiyo inayotuhusu sisi watu wa Miono. Padre hakwenda peke yake na msalaba kama kwenye picha za katekisimu. Walikwenda wenzi wa ndoa kutoka kijiji cha Bagamoyo, wale wale waliokombolewa wakiwa watoto. Walifyeka, walijenga, walilima, na majirani wakawatazama namna wanavyoishi. Mkristo wa kwanza ambaye Mnguru au Mzigua alimwona kwa macho, mara nyingi alikuwa mtu mweusi aliyewahi kuuzwa, amekaa na mkewe mlangoni jioni, anamenya mihogo.

Afya ya Horner ikavunjika. Ukihesabu tangu Réunion, alikuwa ameishi nchi za joto zaidi ya miaka ishirini, na kwa wamisionari wa wakati ule hiyo ilikuwa miaka mingi. Nenda makaburi ya misheni Bagamoyo usome umri kwenye misalaba, utaona vijana wa ishirini na kitu, walifika, wakaugua homa, wakazikwa. Yeye alirudishwa Ufaransa kutibiwa, akafariki Cannes mwezi Mei 1880, akiwa na miaka hamsini na kidogo. Hakuzikwa Bagamoyo. Mwaka uliofuata, 1881, misheni ya Mandera ikafunguliwa kwa mtindo wake. Mandera ni hapo tu, bodaboda kutoka Miono unafika kabla hujachoka.

Matumaini yake mengine hayakuzaa alivyotaka. Wale vijana wa Kilatini hawakufika upadre. Mapadri wazalendo wa kwanza wa nchi hii walipewa daraja mwaka 1917, tena upande wa Ziwa Victoria, kwa mapadri wa shirika lingine, miaka 37 baada ya Horner kufa. Nimejiuliza kwa nini. Kuongoza watu kunahitaji mtu anayeweza kuamua mwenyewe, na ratiba ya kengele haifundishi kuamua. Labda naonea. Ila ukiwa mwalimu mtarajiwa jambo hili linakukera usiku, kwa sababu na sisi tunaandaliwa kupiga kengele.

Machi 2025, Papa Fransisko, wiki chache kabla hajafariki, alianzisha Jimbo la Bagamoyo kwa kumega Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, akamteua Askofu Stephano Musomba, Mwagustino, kuwa askofu wake wa kwanza. Mjini Bagamoyo, ambako mwaka 2018 tuliadhimisha miaka 150 ya Ukristo bara, sasa ni makao ya jimbo. Nilikuwa chuoni habari ilipotoka, simu za wana TMCS zikawaka siku nzima. Nilipokwenda fildi miezi michache baadaye, Miono bado watu walikuwa wanaizungumzia, hata Waislamu, ambao kule ni wengi na ni ndugu zetu wa damu. Mzee mmoja Mwislamu niliyekuwa nanunua kwake mihogo alinipongeza kama mtu aliyefaulu mtihani. Alitaka kujua kama sasa barabara itatengenezwa.

Katika shangwe zile za jimbo jipya nilisikia wakitajwa Horner, Baur, mabruda, masista. Ni haki yao. Sikusikia akitajwa mtu hata mmoja kati ya waliokombolewa, zaidi ya kusema watumwa waliokombolewa, kwa pamoja, kama mzigo. Masista wa Réunion nao walipita kwa sentensi moja, wakati kati yao walikuwemo wanawake ambao wao wenyewe, au mama zao, waliwahi kuandikwa katika daftari za mali za watu. Hao ndio waliowalea wasichana wa Bagamoyo. Fikiri msichana amefikishwa pale, hajui lugha ya yeyote, halafu anayemwogesha ni mwanamke mweusi mwenye vazi la kitawa. Nadhani hapo alielewa jambo ambalo Horner asingeweza kumweleza kwa katekisimu yote.

Siku ya mwisho ya fildi nilimtafuta yule kijana. Alikuwa nyuma ya madarasa, zamu yake ya kumwagilia miti. Nikamwambia nimechelewa lakini jibu langu ni hili: ndiyo, padre alinunua, na fedha yake huenda ilimnufaisha muuzaji. Mtoto hakuwa mali ya padre, lakini hakuwa wa kwake mwenyewe pia, si kesho yake asubuhi, na kwa wengine si kwa miaka mingi. Wapo waliotoroka ili wawe wa kwao. Wapo waliobaki wakawa wa kwao kwa kubaki, na baadhi yao walifika mpaka Mandera hapo.

Alisikiliza ndoo ikiwa mkononi. Kisha akauliza walikuwa wanaitwa nani. Nikamwambia walipobatizwa walipewa majina ya watakatifu, Yosefu, Maria, Fransisko. Akasema hapana, anauliza yale majina ya mwanzo, waliyokuja nayo kutoka kwao. Nikamwambia hayo sikuyakuta. Akamimina maji yaliyobaki kwenye mche, kengele ikalia, akakimbilia mstarini.